Mwaka wa Nzige Nilipokwenda Kumchukua Zuwena

Mashoga zangu, kila mkija kunywa kahawa mnaniuliza lile lile, nami nnakujibuni nusu kisha nnakimbilia jikoni. Ulikwenda kumchukua Zuwena, mbona umerudi peke yako? Nimechoka kujificha nyuma ya buli. Naandika mara moja tu, msomeane wenyewe, na mkishamaliza mnilaumu mpendavyo. Habari za vibali, na nani nilimwendea kuniombea ruhusa, sizitii humu. Hizo mnazijua na zinachosha.

Zuwena ndiye mwanangu pekee. Tulipotoka Unguja miaka minne nyuma alikuwa msichana wa miaka kumi na sita, na hatukukaa sana hapa Maskati tukamwoza kwa Nasser, mtoto wa jamaa wa marehemu baba yake, kijiji kimoja cha ndani, mbele ya Izki. Nasser mwenyewe yuko Kuwait kikazi, na mwanangu akabaki kijijini na mavyaa wake, mama wa Nasser, Bi Ghaniya. Ilipokuja barua kwamba Zuwena ana mimba ya miezi saba, roho yangu haikutulia tena. Kwetu sie mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama. Binti anarudi nyumbani, anakandwa, anafukizwa, anakaa arobaini yake mama akimpikia. Nikapaka chokaa chumba cha nyuma, nikatandika kitanda, nikanunua udi mzuri. Kilichobaki ni kumwendea tu.

Na tabia yangu mnaijua. Mtu hajamaliza neno nishamjibu. Marehemu mume wangu akisema mimi nnasikia kwa mdomo.

Matrah hadi Bausher

Masoud dereva, Mpemba yule mrefu, aliniambia tunaondoka baada ya sala ya alfajiri. Tukaondoka adhuhuri. Kwanza mwenye magunia hakuja, kisha akaja na magunia yakawa mengi kuliko aliyosema, kisha wakagombana nani apande juu ya mapipa ya mafuta ya taa. Mimi nikakaa mbele na kapu langu mapajani: nazi sita, mandazi, halua, samli, na nguo za mtoto nilizoshona mwenyewe. Jua linawaka, bati la gari linaunguza, na mandazi nshawagawia watu nusu kabla gari halijatiwa moto.

Tulipopita Ruwi njaa ikaniuma kweli. Masoud akatoa karatasi ya gazeti mfukoni, ndani vitu vyekundu vyekundu vimekauka. Nikajua kamba wa baharini. Nikachukua mmoja nikatia mdomoni, akavunjika kwa chumvi, mtamu. Nikachukua wa pili, na huyo nikamtazama.

"Masoud, kamba gani huyu ana magoti?"

"Nzige huyo, bi mkubwa."

Lahaula! Nilitema dirishani mpaka mate yakaniishia. Masoud akacheka, usukani ukamponyoka, walio juu ya magunia wakapiga kelele.

"Halali, bi mkubwa, kama samaki. Hachinjwi."

"Na mchanga hauchinjwi. Unaula?"

Nikakumbuka marehemu mume wangu. Alikuwa mpishi wa meli iliyokuwa ikipakia mchele Siam, na akirudi Unguja hutusimulia soko la Bangkok. Parare na panzi wa kukaanga wanapimwa kwa vikombe kama njugu. Mende wakubwa wa majini wanatwangwa na pilipili, wanatiwa kwenye kitoweo. Mayai ya chungu yanaelea kwenye mchuzi wa ndimu. Samaki wanaachwa mitungini na chumvi mpaka watoe maji, na maji yale ndiyo wanayoungia kila kitu. Alivila vyote na akasema vitamu. Zuwena, mdogo wakati huo, alikuwa akimkalia mapajani na kumuuliza mende ana ladha gani. "Ananukia mdalasini," baba mtu anajibu. Mimi namkemea, usimwambie mtoto uchafu mbele ya sinia. Nilimkatiza hivyo safari zote, hata sijui hadithi yenyewe ilikuwa inaishia wapi.

Bausher pakapasuka mpira. Mwanamke mmoja wa pale, simjui wala hanijui, akanitolea tende na kahawa, akanikalisha kivulini. Kiarabu changu ni cha kusalia na kununulia samaki, lakini nilimfahamu aliponiuliza nnakokwenda. Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akasema kule nzige wameshuka, kwa hivyo nichukue mch...

"Nimechukua, nimechukua," nikamwambia, nikimwonyesha kapu.

Alikuwa anataka kuniambia nichukue mchele. Na nyuma ya gari tulikuwa tumepakia magunia tele ya mchele wa tajiri mmoja, ningeweza kununua hata pishi mbili pale pale.

Bonde la Samail

Tulilala Fanja, na asubuhi tukaingia bondeni. Sikuwahi kuona nchi imevuliwa nguo namna ile. Mitende imebaki mifupa ya makuti. Makonde ya majani ya mifugo yamekuwa vumbi. Mbuzi wanatafuna kamba walizofungiwa. Watu wamekaa vizingitini hawafanyi kitu, kwa sababu hapana cha kufanya.

Karibu na adhuhuri wakaja wenyewe. Mbingu ilibadilika rangi, kisha wakaanza kupiga kioo mmoja mmoja, kisha kwa mkupuo, mpaka Masoud hakuona mbele akasimamisha gari. Mimi nikajifunika shela pua na mdomo, nikasoma kila nnachokijua. Nilipofungua jicho, abiria wote wako chini, wanaume wazima na vikongwe, wanakusanya nzige kwa makanzu, kwa vilemba, kwa magunia. Tulikaa pale saa mbili. Masoud akarudi na gunia linatikisika, akaliweka miguuni mwangu.

"Liondoe hilo!"

"Wamekula chakula cha watu, bi mkubwa. Sasa watu wanawala wao. Wafanyeje?"

Nilikuwa najiambia mwanangu haishi hivi. Mwanangu kaolewa na watu wenye shamba.

Kwa Bi Ghaniya

Nilimkuta Zuwena mlangoni. Tumbo kubwa, na mikono imekonda, viganja vigumu vya mtu anayechota maji kila siku. Tulikumbatiana tukalia. Bi Ghaniya alisimama pembeni akangoja tumalize. Ni mwanamke mfupi, mkavu, hasemi sana, na hilo nilimhesabia ubaya tangu mwanzo, maana mimi mtu asiyesema humdhania ananisema moyoni.

Wakaleta sinia. Wali mweupe, na juu yake nzige wamekaangwa kwa samli, wamepangwa duara, vichwa na mbawa vimetolewa. Bi Ghaniya akanisogezea upande ulionona. Na mwanangu, Zuwena wangu niliyekuwa nikimtolea miba ya changu, akachukua nzige mmoja, akamnyofoa miguu kwa vidole viwili, haraka, amezoea, akamtia mdomoni. Akafumba macho kwa utamu.

Ndipo nilipopandwa na wazimu. Nilisukuma sinia kwa mkono, likapinduka, wali ukamwagika mkekani na nje ya mkeka.

"Mwanangu si kuku!" nikasema. Nilisema kwa Kiswahili, lakini mkono wangu ulishasema kwa lugha zote.

Bi Ghaniya alipiga magoti akaanza kuokota wali, punje kwa punje, anapuliza mchanga, anatia bakulini. Zuwena akamsaidia, na tumbo lake lile. Mimi nimekaa nawatazama.

"Mama," Zuwena akaniambia baadaye, hata hakupandisha sauti, "mchele ule ulikuwa wa uzazi wangu. Ndio uliobaki. Aliuficha miezi miwili, yeye mwenyewe hakuonja. Kasema umetoka mbali, lazima ule wali."

Nilitaka ardhi inimeze. Sikuomba radhi siku ile. Nilijipa sababu kwamba Kiarabu changu kidogo, lakini neno la samahani nnalijua kwa Kiarabu, kila mtu analijua.

Siku tatu mimi na Bi Ghaniya hatukusemezana. Ya pili ikaja gari na wanaume wageni, wakakaa na watu wa kijiji msikitini. Zuwena akaja kuniambia, "Mama, wale wamekuja kwa ajili ya nzige, wanasema kule bondeni..."

"Sitaki kusikia habari ya nzige mie," nikamwambia.

Na mimi sikuuliza tena.

Siku ya tatu jioni Bi Ghaniya akafanya jambo nisilolitegemea. Alizikunja nguo za Zuwena mwenyewe, akazifunga furushi, akaliweka karibu na mlango. Zuwena akanitafsiria: kasema ni haki ya mama, twende zetu Maskati, yeye atakuja kumwona mtoto baada ya arobaini. Nimsifu kwa hilo. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, sikupata wa kugombana naye.

Alhamisi

Gari la Masoud lilikuwa lipite Alhamisi kabla ya adhuhuri. Usiku kucha nilifikiri. Siwezi kutoka nyumba ya watu hivi. Nimewamwagia chakula, basi nitawapikia chakula, na nitapika kile kile nilichokitukana, ili waone nimekubali. Ndivyo tunavyotakana radhi sie, mdomo ukiwa mzito tunaingia jikoni.

Nilitoka alfajiri peke yangu na kapu, nikashuka bondeni kupita mfereji. Nilikuwa naogopa nitawakamata vipi, lakini wapi! Walikuwa wamelala mchangani wazima wazima, wazito, unaokota kama tende zilizoanguka. Kando yao pamemwagwa pumba, vifungu vifungu. Nikasema watu hawa hawana chakula na pumba za kuku wanamwaga. Nikajaza kapu, nikarudi nimefurahi nafsi yangu.

Nikawachemsha kwa chumvi, nikawatoa vichwa na mbawa, huku nimegeuza uso. Nikawakaanga kwa samli yangu, nikatia pilipili na ndimu, nikakuna nazi mbili. Harufu ikajaa ua. Zuwena akaja, macho yanamng'aa.

"Mama! Unapika nini weye?"

"Onja chumvi," nikamwambia, nikamtilia mmoja kiganjani.

Akacheka. Kicheko kile sikukisikia tangu Unguja. Nikamtuma mferejini kwa mtungi mmoja tu wa maji ya njiani, nikaenda ndani kusali rakaa mbili.

Nilipotoka, sufuria imepinduliwa. Chakula changu chote kiko chini, kimefukiwa majivu na mchanga, na Bi Ghaniya anawafukuza kuku kwa fimbo wasisogelee. Aliponiona akaanza kusema, mbio mbio, Kiarabu cha ndani, ananyoosha fimbo kule bondeni, anaonyesha tumbo lake, anaonyesha mdomo. Sikumwona kusema hivyo hata siku moja.

Nikamnyanyulia mkono. "Basi, nimefahamu."

Nilichofahamu mimi ni kwamba nimemwaga wake, kamwaga wangu, kangoja siku ya mwisho anilipe. Damu ikanipanda kichwani. Na honi ya Masoud ikalia njiani wakati ule ule, kama mtu aliyeipangia. Nikabeba kapu langu nikatoka.

Zuwena alikuwa anapanda kutoka mferejini na mtungi. "Mama, kuna nini?"

"Panda gari twende."

"Mbona unalia? Mavyaa anaita nini kule?"

"Panda, nakwambia!"

Akatua mtungi. "Ngoja nikamsikilize kwanza, mama. Siwezi kutoka bila ya kumsikiliza." Na akaenda, mbio za mja mzito, mkono chini ya tumbo.

Nikapanda gari. Masoud akaniuliza, "Tumngoje bibie?"

Ndani ya gari palikuwa na mzee mgonjwa anapelekwa hospitali Matrah, anagumia. Masoud hata hivyo alikuwa tayari kungoja. Alishatoa mguu kwenye mafuta.

"Kachagua watu wake," nikasema. "Endesha."

Kurudi

Hatukwenda hata saa nzima. Mahali bonde linapojipinda tukakuta kunguru wamekufa njiani, na mbuzi amevimba, miguu juu. Mbele kidogo wanaume wale wageni, pua zimefungwa vitambaa, wanamwaga pumba kutoka kwenye magunia.

"Hizo pumba za nini?" nikauliza. Sauti yangu niliisikia mbali.

"Dawa, bi mkubwa. Pumba zimechanganywa na sumu, nzige wanakula wanakufa. Kwa kina Zuwena wamemwaga juzi. Hawakukwambieni? Wametangaza msikitini, asile mtu nzige wa bondeni, hata kuku wafungwe."

Nikamshika mkono wa usukani. "Rudi."

"Bi mkubwa..."

"Rudi, Masoud! Nimemwonjesha! Nimemtilia mkononi mwenyewe!"

Alisimamisha gari. Akatazama nyuma kwa mgonjwa. Mwanawe wa kike yule mzee alikuwa amemshika kichwa, akatutazama tu. Masoud akaniambia polepole, kama anayemsemesha mtoto, kwamba tukirudi mzee hafiki, na kwamba kama mavyaa kashajua, basi keshamtapisha. Nikamwambia nishushe, nitakwenda kwa miguu. Akasema jua hili utakufa kabla ya Izki, na utamfaa nini maiti wewe? Akatia gia.

Mashoga zangu, njia ile ilikuwa siku moja na nusu, na nilimeza mate matupu. Nilikuwa namwona anacheka, kiganja wazi. Sikumbuki kama alimtia mdomoni mbele yangu. Nilikuwa nimeshageuka kutafuta mkeka wa kusalia. Nimejaribu kukumbuka mpaka leo na sikumbuki. Bausher yule mwanamke alituona, akatoka tena na kahawa, akauliza binti yuko wapi. Nilimsikiliza mpaka akamaliza, halafu nikamrudishia kikombe.

Matrah

Wiki sita sikupata habari, na Masoud kapelekwa njia nyingine. Mlikuwa mnakuja, mnaona mlango wa chumba cha nyuma umefungwa, mnasema labda kabadilisha mawazo, labda mume kamkataza. Nikawaachia mseme hivyo. Kila lori likipiga honi sokoni nilikuwa natoka mpaka barazani na masizi mikononi.

Masoud alikuja asubuhi moja, akabisha hodi, akakaa hapo mnapokaa nyie. Nilimwona usoni nikajua si msiba, nikaanguka chini nikashukuru. Zuwena mzima. Alidhani nimepika wale wa akiba ya ndani. Mavyaa alimtia vidole kooni pale pale uani, akamnywesha maji ya chumvi, akatapika alichokula na asichokula. Uchungu ukamjia kabla ya wakati wake, akajifungua mtoto wa kike, mdogo sana lakini ananyonya. Bi Ghaniya ndiye aliyempokea. Bi Ghaniya ndiye anayemkanda.

Kisha akanipa kopo la maziwa lililofungwa kitambaa. "Kakuletea mkwe mwenzio. Kasema hawa ni wa mwanzo, wa kabla ya pumba. Kasema ule usiogope."

Nikafungua. Nzige wakavu, wamesafishwa mmoja mmoja. Mwaka ule wa njaa, nyumba ina mzazi na mtoto mchanga, wamenipunguzia mimi. Nikamnyofoa mmoja miguu kwa vidole viwili kama nilivyomwona mwanangu akifanya, nikala. Nikala mwingine. Nililia huku natafuna, na Masoud akatazama kikombe chake.

"Na Zuwena?" nikamuuliza. "Yeye kasemaje?"

Masoud akamaliza kahawa kwanza. Mara hii sikumkatiza, nilimngoja mpaka akatua kikombe.

"Nilimuuliza mara mbili, bi mkubwa. Mara ya kwanza akamgeukia mtoto. Mara ya pili kasema, mwambie mama nilikwenda kuuliza tu. Nilitapishwa, nikatoka na furushi langu kichwani, nikakuta vumbi."